Singe ya baba ilichukuliwa msibani na mtu niliyemwita mwizi. Nimeirudisha, na haya ndiyo yaliyonikuta

Wakuu, salamu kwenu, mlioko kazini na mliojificha chooni na simu ili bosi asiwaone.

Ninachoandika hapa kimenitokea mimi mwenyewe, si rafiki yangu wala jirani. Najua jukwaa hili chai huwa haikauki, na kuna watu wameshaandaa vitafunwa. Virudisheni kabatini. Majina tu ndiyo nimebadilisha, kwa sababu wahusika wana wajukuu humu ndani.

Naandika kwa simu, herufi zikipotea njia mtanisamehe.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, nipo Misigiri, Iramba. Mageti, madirisha, matoroli, plau za ng'ombe, hayo ndiyo yanayonilisha. Kwetu kwa kuzaliwa ni Issuna, kule Ikungi, Mnyaturu wa baba na mama. Nina ugonjwa mmoja ambao mke wangu ameshachoka kuueleza kwa ndugu zake. Nakusanya visu vya vita.

Sizungumzii vya dukani. Nazungumzia vile walivyorudi navyo wazee wetu kutoka Vita vya Kagera, na vichache vya zamani zaidi, vya babu zetu waliokuwa askari wa keya, waliopelekwa na Mwingereza kupigana kwenye nchi ambazo hata kuzitamka ilikuwa shida.

Ilianza hivi. Alikuja mteja na kisu cha zamani kimeliwa na kutu, anataka nikiwekee mpini mpya awe anachinjia mbuzi. Nikakigeuza. Karibu na mpini kina pete ya chuma, ile inayoingia kwenye mtutu wa bunduki. Singe kabisa. Nikamuuliza amekitoa wapi, akasema ni cha marehemu baba yake, kilikuwa kimechomekwa kwenye paa la jiko. Na hiyo pete alitaka niikate, inamkera mkononi.

Grinder nilikuwa nimeshaiwasha. Nikaizima.

Nikamwambia niachie hicho, nikutengenezee kingine kwa spring ya gari, utachinjia mpaka wajukuu. Akakubali haraka mno hadi nikahisi aliyepigwa ni mimi. Nikamkalisha kwenye benchi, nikamuomba anihadithie baba yake alikuwa mtu gani. Alikaa pale hadi chai ya saa nne ikapoa, na mwisho akafuta macho kwa mkono wa shati.

Tangu siku hiyo huo ndio utaratibu wangu. Nipe cha zamani, chukua kipya kinachokata. Naandika kwenye daftari jina la mzee, kijiji chake na maneno aliyoyaacha, mtendaji wa kijiji anagonga mhuri. Kituo cha polisi nilikwenda mapema kujieleza. Waliangalia visu, wakaangaliana, mmoja akaniuliza kama nyumbani sina kazi.

Mkalama huko nilikuta singe ya keya iko dukani inakata sabuni ya mche. Muuza duka ni bibi wa Kiislamu, mpole, na ile ni ya baba yake. Ananiambia, "Mwanangu, hiki hakijawahi kuniangusha, kipande kinatoka sawasawa." Nilimtengenezea cha sabuni maalumu, kipana, chenye mishikio miwili. Mpaka leo akiniona ananipa soda.

Halafu kuna familia moja waliniita kwa fahari, wakatoa kitu kimefungwa kwenye khanga. Nikafungua pindo moja. Wakuu, lilikuwa bomu la mkono. Lilikaa kabatini miaka yote hiyo na vikombe vya wageni. Tulitoka ndani kinyumenyume, mimi, baba mwenye nyumba, mama mkwe wake na kuku, tukapiga simu polisi, wataalamu wakaja kulichukua. Kwa hiyo nawaomba, ukikuta risasi, bunduki au kitu cha duara usichokijua, usishike na usinipigie mimi.

Turudi kwenye mada.

Ofisini kwangu nina ubao wa mninga ukutani, nimepigilia misumari minane. Saba ilikuwa na visu. Wa nane ulikuwa mtupu tangu siku ya kwanza, na kila anayeingia lazima aulize.

Huo ulikuwa wa baba yangu.

Baba, nimwite Mghenyi, alikwenda vitani Kagera akarudi na singe aliyoiokota kwenye handaki lililokimbiwa na adui. Mpini wake ulikuwa umepasuka, akauzungushia waya wa shaba alioutoa kwenye redio mbovu. Utotoni naikumbuka hiyo shaba ikiwaka jua tukiwa shamba la alizeti, maana ndiyo aliyokatia vichwa vya alizeti kila mavuno. Siku moja mama alitaka kuchinjia kuku, visu vingine havionekani. Baba aliitoa singe mkononi mwake bila neno, akaenda kuazima kisu kwa jirani. Sikuelewa.

Alifariki nikiwa kidato cha pili.

Msibani akaja mwenzake wa jeshini, Mgogo wa Itigi, nimwite Mzee Chibago. Hawa walikuwa kikosi kimoja, handaki moja, sufuria moja. Alifika analia kwa sauti na huku anatukana. Anamwambia marehemu, amka, uvivu wako huu nitaueleza vipi Itigi. Akaingia ndani, akatoka na singe ya baba ameichomeka kiunoni.

Sasa baba mkubwa, kaka yake marehemu, alikuwa ameokoka mwaka huohuo, ana moto kuliko mchungaji. Akasema huu ni msiba wa watu wa Mungu, hatutaki vichekesho. Akamfukuza yule mzee mbele ya waombolezaji.

Chibago hakubishana. Alifika njiani akageuka, akasema, "Mtakuja kuikomboa." Akaenda zake.

Mimi niliona mtu ameiba kitu cha baba yangu na kututisha juu yake. Mama naye aliona hivyohivyo. Jina la Chibago likawa halitajwi nyumbani kwetu. Zaidi ya miaka ishirini, wakuu. Na kila kisu nilichookoa kwenye paa la mtu, nilikuwa nakitazama nikijua cha kwetu kiko kwa mwizi.

Mwaka jana mama akaanza kusumbuliwa na macho. Jicho moja limeshakuwa jeupe, la pili linafuata. Nilikwenda Issuna kumsalimia, akaniambia taratibu, "Umekusanya vya baba za watu. Cha baba yako nitakiona lini?" Nikajifanya natengeneza mlango.

Haikupita muda, karakanani kwangu akapita muuza asali wa Itigi, pikipiki yake imekatika stendi. Wakati nachomelea akawa anaangalia ubao. Akasema, kuna babu kule kwetu anarina asali na kisu kama hivi, mpini wake umezungushiwa waya mwekundu wa shaba.

Nilichomelea ile stendi mara mbili mahali palepale, akili haipo.

Nikafunga safari. Misigiri mpaka Singida, Singida mpaka Manyoni, Manyoni mpaka Itigi. Nimevaa shati la kupiga pasi, nina bahasha mfukoni, na kichwani hotuba niliyoipanga njia nzima.

Nyumba haikuwa ngumu kupata, iko ng'ambo ya reli, uani kuna mizinga ya magogo imepangwa kwenye kivuli. Mzee mwenyewe mwembamba, mrefu, ndevu nyeupe chache. Nikatoa shikamoo ya heshima zote, nimeinama. Akaitikia marahaba, akanitazama usoni muda mrefu.

"Wewe ni wa Mghenyi," akasema. "Hilo paji la uso nililiona handakini."

Akafurahi kweli. Akaniletea kiti, akaagiza uji. Na ile singe ilikuwa pale, imechomekwa kwenye gogo la mzinga, waya wa shaba uleule.

Hapo ndipo nilipoharibu. Nikatoa bahasha, nikaiweka mezani kwa mikono miwili. Nikasema, baba, najua kisu kilichukuliwa bila ruhusa, yamepita, familia haina kinyongo, naomba nikinunue tumalize.

Uji ukaletwa, mzee akauacha.

"Unanunua," akasema. "Kwangu umeona duka?"

Nikasema hapana baba, ni shukrani tu.

"Nimekaa hapa nawasubiri. Nilidhani mmekufa wote. Kumbe mko wazima, mnapanga bahasha." Akanyanyuka, akaichomoa singe kwenye gogo, akaingia nayo ndani. Mjukuu wake akaja kuniambia babu amelala.

Saa sita mchana, babu amelala.

Nilirudi hadi stendi ya mabasi nikiwa na hasira za kumpasua mtu. Nikampigia Shangazi Debora, dada yake baba, mwanamke ambaye hata mwenyekiti wa kijiji akimuona anabadilisha njia. Nikamweleza yote, nikamaliza kwa kusema, mwizi yule hana hata aibu.

Shangazi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa.

"Wewe mtoto umesoma bure," akasema. "Mgogo ni nani kwetu?"

Nikasema ni mtani.

"Mtani msibani anafanya nini?"

Wakuu, nilikaa chini pale stendi kwenye gunia la mtu.

Kwa wasiojua, watani wetu wakija msibani kazi yao ni kufanya fujo. Watalia kwa matusi, watazuia jeneza, watabeba kitu cha marehemu. Hicho kitu hawajaiba. Wanawalazimisha wafiwa wanyanyuke, wawafuate, watukanane nao, watoe kuku au chochote wakikomboe, wacheke kidogo, na hapo msiba unafunguka. Usipokikomboa, anabaki nacho, anakitunza, anasubiri. Na hakikombolewi kwa bahasha na shikamoo ya kuinama. Ukimfanyia mtani adabu namna hiyo, umemwambia utani umekufa.

Nilikuwa nayajua haya yote, tangu utoto. Nimeyaona kwenye misiba ya watu kumi. Ya kwetu sikuyaona, kwa sababu baba mkubwa aliyakata katikati na mimi nikabaki na kipande kibaya.

Shangazi akaniambia, "Usitoke hapo Itigi. Nakuja kesho, na usimsalimie tena yule mzee."

Alishuka kwenye basi na jogoo. Sasa nyie mnajua sifa ya kuku wa Singida. Huyu alikuwa amemtafuta kijiji kizima, mkongwe, shingo haina manyoya, jicho moja. Nikamwambia shangazi, huyu si atatuaibisha. Akasema ndiye anayemfaa.

Tulifika kwa Mzee Chibago tukamkuta anaota jua. Shangazi hakusalimia. Alimpita, akaenda kukaa kwenye kiti chake cha uvivu, akavua viatu.

"Leteni mlenda," akasema kwa sauti ya majirani kusikia. "Najua hamna kingine."

Mzee alisimama. Nikaona mdomo unamcheza.

"Nani ameruhusu Wanyaturu waingie kwangu? Fungieni mizinga, hawa wanaiba hata nyuki."

"Nyuki wako wamekonda kama wewe. Nimekuja kumchukua mtumwa wangu, nimesikia amejificha huku na kisu cha kaka yangu."

"Kaka yako alikuwa mwoga. Handakini alikuwa anajificha nyuma yangu."

"Nyuma yako anajifichaje mtu, na wewe huo mgongo ni upana wa fito?"

Majirani walishaanza kujaa. Shangazi akanyanyuka, akashika baiskeli ya mzee iliyoegemezwa ukutani, akaanza kuisukuma kwenda njiani kwa utulivu kabisa. Akasema hii tunaipeleka Issuna ikatwangie mtama. Mzee akamfuata na fimbo, anatukana Kigogo na Kiswahili, na machozi yanamtoka huku anacheka. Mimi nimeshika jogoo, sijui nilie au nicheke, nikafanya yote mawili.

Walipofika relini wakasimama. Wazee wawili wamekumbatiana na baiskeli iko katikati yao.

Mzee akarudi ndani, akatoka na singe. Hakunipa mkononi. Aliiweka chini mbele yangu, halafu akaweka mguu wake juu ya mpini. "Bado," akasema. "Baba yako alikuambia kwa nini hiki hakichinji?"

Nikasema hapana, alikufa nikiwa mdogo.

Akanieleza. Wakati wanarudi, juu ya lori, yeye na baba walikubaliana kwamba kile chuma kimeshaonja vya kutosha, popote kilipotoka na mikononi mwa yeyote. Kikifika nyumbani kitakata mimea tu. Hata kuku hapana. Na yeye, miaka yote hiyo, amekitumia kukatia masega ya asali na si kitu kingine. "Nyuki wanatoa damu?" akaniuliza. Nikasema hapana. "Basi sijamvunjia neno lake."

Huyo ndiye niliyekuwa namwita mwizi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena, nikamwambia hivyohivyo mbele za watu, kwamba nimemtukana moyoni miaka yote na nimekosea. Akasema matusi ya moyoni hayahesabiki, nijifunze kutukana kwa mdomo kama shangazi yangu.

Halafu akamwangalia yule jogoo. "Hii ni nini?"

Shangazi akasema, "Ni wa umri wako, mtaongea."

Jogoo alipokelewa. Ila mzee akaondoa mguu kwenye singe na kuiokota mwenyewe. Akasema hakuichukulia Itigi, aliichukulia msibani, na msibani ndipo itakaporudi. Tuondoke wote.

Wakuu, tuliondoka Itigi watatu. Tulipoingia Issuna nilihisi kama nimeshinda ubunge. Alizeti ilikuwa imekauka tayari kwa kuvunwa, na kaburi la baba liko pembeni ya shamba.

Mzee Chibago alianzia barabarani. Alilia kwa sauti ileile ya zamani, "Mghenyi, wewe mvivu, bado umelala tu?" Watu wakatoka majumbani. Baba mkubwa naye alitoka, sasa mzee wa fimbo. Nilijua ataanza mahubiri. Alisimama mlangoni akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole, "Siku ile nilikosea. Karibu utukane." Na mtani alitumia ruhusa hiyo vizuri sana.

Mama alikuwa uani amekaa kwenye mkeka. Mzee alipofika karibu akaacha matusi. Akaweka singe chini mbele yake.

Mama aliipapasa. Vidole vikaenda moja kwa moja kwenye waya wa shaba, akauzungushia kidole akihesabu mizunguko yote. Nilimuona anaangua kicheko huku uso umelowa.

"Umechelewa kuleta," akamwambia.

"Mmechelewa kukomboa," mzee akajibu.

Mama akanyanyuka, akaniambia nimshike mkono. Nilidhani anataka ndani. Alinipeleka shambani, akashika shina la alizeti kwa mkono mmoja, akakata kichwa kwa mara moja. Akakata cha pili. Akampa mzee singe, naye akakata chake. Ikazunguka, shangazi, baba mkubwa, mimi. Kile chuma bado kikali, na mimi ni fundi, najua ninachosema. Tulivuna mstari mzima siku ile, watu wanatukanana na kucheka kando ya kaburi la baba yangu, na msiba uliokaa wazi zaidi ya miaka ishirini ukafungwa.

Mama ameshafanyiwa matibabu ya jicho moja. Kitu cha kwanza alichoomba aletewe akiangalie mnakijua.

Nilichojifunza mimi ni kwamba nilikuwa nakusanya vyuma kwa bidii na habari zake naandika kwenye daftari, lakini habari ya kwetu nilijiandikia mwenyewe bila kumuuliza mtu. Kabla hujamwita mtu mwizi, muulize shangazi yako. Na kama una mzee nyumbani aliyepita jeshini, na kuna kisu juu ya paa, usisubiri kukirithi ndipo uulize. Leo bado anaweza kukujibu.

Wagogo mliomo humu, najua mtakuja na maneno. Njooni nayo, ya mdomoni siyo ya moyoni. Na wengine, mtani aliwahi kuwachukulia nini msibani, na mlikikomboa kwa kitu gani? Shusheni hapa chini, nasoma yote.

Wateja bado wanaingia ofisini, wanaangalia ubao, wananiuliza mbona msumari wa nane uko mtupu.

Nawaambia chenyewe kiko shambani, kinafanya kazi.